Stetimenti Ikikatika Kwenye Karatasi: Jinsi ya Kuchapisha Lahajedwali Bila Kupoteza Safu

Mwanzoni mwa mwaka, vyama vingi vinapofanya mikutano ya kufunga hesabu, tunapokea simu za aina moja kwenye dawati letu la huduma. Moja hatujaisahau. Mweka hazina wa chama cha akina mama 14 alitupigia Jumapili jioni, sauti ikitetemeka. Alikuwa amepakua shughuli za mwaka mzima za namba ya till ya chama, akapeleka faili saiba, akachapisha, akatolea kila mwanachama nakala. Mkutanoni, mmoja wao akageuza kurasa zote tisa, mbele na nyuma, kisha akauliza: "Hapa naona tarehe, naona nani alilipa na alilipa ngapi. Pesa zilizotoka ziko wapi? Na salio je?"

Hazikuwepo. Mkutano uliisha vibaya.

"Nyinyi mmeficha safu mbili," alituambia. "Sasa mimi ndiye naonekana mwizi."

"Pole sana, mama," mwenzetu akamjibu. "Hebu nieleze, mashine ilitoa karatasi ngapi zote kwa jumla?"

Akanyamaza kidogo. Akakumbuka kwamba zilikuwa 18. Tisa za mwisho zilikuwa na tarakimu chache pembeni na weupe mtupu kwingine kote, wakadhani zimeharibika, zikaachwa saiba.

Hapo ndipo salio lilipokuwa. Faili ilikuwa na safu zote saba: namba ya risiti, muda, maelezo, hali, zilizoingia, zilizotoka, salio. Lakini upana wa karatasi ulitosha safu tano tu. Mbili zilizobaki zikahamishiwa karatasi nyingine. Tena Excel, usipoiambia vingine, hushuka kwanza hadi mwisho wa jedwali, ndipo irudi juu ianze upande wa kulia. Kwa hivyo ukurasa wa kwanza haukufuatwa na nusu yake. Nusu ya ukurasa wa 1 ilikuwa ukurasa wa 10.

Kama umewahi kutoka saiba na rundo la karatasi lisiloeleweka, shida yako huenda ilikuwa hii hii au jamaa yake wa karibu. Tutaeleza jinsi ya kuitatua kwa Excel, kwa sababu ndiyo inayopatikana kwenye saiba nyingi, na mwishoni tutaigusa Google Sheets. Majina ya vitufe tumeyaacha kama yanavyoonekana kwenye skrini ili usihangaike kuyatafuta.

Lahajedwali haina kurasa

Barua unayoandika kwenye kompyuta inajua tangu mwanzo kwamba itakaa kwenye karatasi. Lahajedwali haijui. Kwa Excel, ukurasa mmoja wa kazi una mistari 1,048,576 na safu 16,384. Ni mkeka usio na ukingo. Karatasi ya A4 nayo ina upana wa milimita 210, na ukiondoa pambizo za kawaida za kushoto na kulia unabaki na takriban milimita 174. Ukibonyeza kitufe cha kuchapisha bila kusema lolote, programu inakata mkeka vipande vinavyotosha karatasi, na haijali imekata katikati ya nini.

Kazi yako basi ni kuiambia programu mambo matatu kabla karatasi ya kwanza haijatoka: wapi pa kuanzia na kuishia, safu zote zikae upande kwa upande, na vichwa vijirudie kila ukurasa. Haichukui dakika tano. Lakini kuna hatua moja ya kutangulia, na wengi huiruka.

Hifadhi kama faili ya Excel kwanza

Faili unayopakua kutoka tovuti yetu ya wafanyabiashara inaweza kuwa ya aina ya CSV. Angalia herufi za mwisho za jina lake. CSV ni maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa koma. Haiwezi kubeba upana wa safu, wala rangi, wala mpangilio wa karatasi. Unaweza kukaa nusu saa ukipanga kila kitu vizuri, ukahifadhi, ukafungua tena asubuhi saiba, na ukute kila kitu kimerudi kilivyokuwa. Si virusi na si kompyuta mbovu. CSV haina mahali pa kuyaweka hayo.

Kwa hivyo, kabla ya yote, nenda "File", kisha "Save As", na kwenye aina ya faili uchague "Excel Workbook". Jina litaishia na .xlsx. Ile ya kwanza usiifute. Ndiyo nakala yako ya asili, na ikitokea umeharibu kitu utairudia.

Safu zote kwenye karatasi moja

Sasa bonyeza Ctrl na P kwa pamoja. Usiogope, bado hakuna kitakachochapishwa. Upande wa kulia utaona picha ya karatasi jinsi itakavyotoka, na chini yake idadi ya kurasa. Idadi hiyo ndiyo ya kuangalia kwanza. Kama una mistari mia tatu na unaambiwa kurasa ni 40, kuna kitu hakiko sawa, na umekigundua kabla ya kulipa. Tuseme saiba yako inatoza shilingi 10 kwa ukurasa: hapo umeokoa mia tatu na kitu.

Upande wa kushoto, badilisha "Portrait Orientation" iwe "Landscape Orientation". Karatasi inalala badala ya kusimama, na upana wa kuandikia unapanda kutoka zile milimita 174 hadi takriban 261. Ni mara moja na nusu ya ulichokuwa nacho, na kwa stetimenti nyingi hiyo peke yake inamaliza shida.

Isipoimaliza, shuka hadi palipoandikwa "No Scaling", bofya, uchague "Fit All Columns on One Page". Excel itapunguza ukubwa wa kila kitu mpaka safu zote zitoshe upana wa karatasi moja, huku mistari ikiendelea kushuka kwenye kurasa nyingi kadiri inavyohitajika. Hiki ndicho kitufe ambacho kingemwokoa mweka hazina wetu.

Chini ya menyu hiyo hiyo kuna ndugu yake, "Fit Sheet on One Page". Huyo muogope. Ataibana stetimenti ya mwaka mzima ndani ya karatasi moja, herufi ziwe kama sisimizi. Tumewahi kuletewa karatasi kama hiyo kama ushahidi wa malalamiko. Tuliiweka kwenye mwanga, tukaigeuza, tukaisalimu amri.

Hata hicho kitufe kizuri kina mpaka wake. Baada ya kukitumia, funga ukurasa wa kuchapisha na ufungue "Page Layout" pale juu. Kwenye "Scale" utaona asilimia. Herufi za kawaida za Excel zina ukubwa wa 11. Zikichapishwa kwa asilimia 50 zinakuwa 5.5, na hapo mzee wa chama atahitaji miwani ya mwenzake. Sisi hatushuki chini ya asilimia 65. Ikishuka zaidi, dawa ni kupunguza safu, si herufi. Je, safu ya hali, inayosema "imekamilika" mistari mia tatu mfululizo, inahitajika kweli? Bofya kichwa chake kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uchague "Hide". Safu iliyofichwa haichapishwi. Safu ya maelezo nayo huwa pana kupita kiasi. Ipunguze, kisha ubonyeze "Wrap Text" ili maneno yake yashuke mstari wa pili badala ya kusukuma salio nje ya karatasi.

Kuna jambo dogo la kuhakikisha hapo hapo kwenye "Page Layout": bofya "Size" uone kama ni A4. Kompyuta nyingi huja zimewekwa "Letter", karatasi ya Marekani, ambayo ni pana kuliko A4 kwa karibu milimita sita na fupi kwa karibu 18. Ukipanga kwa Letter na printa ina A4, ukingo unaweza kukatwa, au printa igome ikingojea karatasi ambayo dukani kwetu haiuzwi.

Vichwa vijirudie kila ukurasa

Fikiria umepewa ukurasa wa sita peke yake. Una tarakimu 4,500 kwenye safu moja na 12,300 kwenye nyingine. Ipi iliingia, ipi ilitoka, ipi ni salio? Bila vichwa juu yake, ukurasa huo haukuambii lolote, na kwenye kikao chenye joto utaleta tafsiri tatu.

Nenda "Page Layout", bofya "Print Titles". Kwenye nafasi iliyoandikwa "Rows to repeat at top", bofya, kisha uguse mstari wenye vichwa kwenye jedwali lenyewe. Ikiwa ni mstari wa kwanza, utaona $1:$1. Bonyeza OK. Basi.

Wengi hutupigia hapa wakisema nafasi hiyo imefifia na haiandikiki. Sababu ni kwamba wameingia kupitia "Page Setup" iliyo ndani ya ukurasa wa kuchapisha. Ukipitia huko, Excel huifunga. Rudi nyuma, uingie kupitia "Page Layout".

Ukiwa bado kwenye dirisha hilo hilo, weka alama kwenye "Gridlines" ili mistari ya jedwali ichapishwe. Macho yanafuata mstari vizuri zaidi. Kisha nenda sehemu ya "Header/Footer", na kwenye "Footer" uchague "Page 1 of ?". Kila karatasi itajitambulisha, ukurasa wa tatu kati ya tisa, wa nne kati ya tisa. Karatasi moja ikipotea, kila aliye kwenye meza atajua imepotea na hakuna atakayedhani imefichwa. Kama wale akina mama 14 wangeona "1 kati ya 18" chini ya ukurasa wa kwanza, swali lingekuwa "hizo nyingine tisa ziko wapi?" na si "pesa ziko wapi?"

Alama za reli, na namba ya simu iliyogeuka hesabu

Ukiona ###### mahali pa kiasi au tarehe, pesa haijapotea. Safu ni nyembamba kuliko tarakimu zake, na Excel ikaona afadhali isionyeshe kitu kuliko kuonyesha nusu ya namba. Kwa kweli tunaishukuru kwa hilo, maana 125,000 ikikatwa iwe 125 ni balaa. Weka kipanya kwenye mpaka kati ya herufi za safu mbili pale juu, ubofye mara mbili haraka. Safu inajipanua yenyewe. Lakini rudi uangalie picha ya kuchapisha tena, kwa sababu kuna wakati kwenye skrini tarakimu zinaonekana sawa ilhali kwenye karatasi zinageuka reli. Iongezee safu upana kidogo wa ziada.

Ya pili: namba ya simu ya mteja inayoanza na 2547 inatokea kama 2.547E+11. Ina tarakimu 12, na kwa kawaida Excel huifupisha namba yoyote inayozidi tarakimu 11 ikiwa haijaambiwa vingine. Chagua safu nzima, bonyeza Ctrl na 1, chagua "Number", na kwenye "Decimal places" uweke 0. Namba kamili itarudi. Karatasi yenye 2.547E+11 haiwezi kumthibitisha yeyote kwamba amelipa, kwa hivyo usiiache.

Karatasi tupu zinazolipiwa

Jedwali limeisha mstari wa 312, lakini printa inaendelea kutema karatasi nyeupe. Bonyeza Ctrl na End. Excel itakupeleka pale inapodhani kazi yako inaishia. Mara nyingi utajikuta mstari wa 5,000 huko chini, au safu ya Z, ambako mtu aligusa kitufe cha nafasi bila kujua, au alichora mipaka ya jedwali mpaka chini kabisa "ili ipendeze".

Dawa ya haraka: chagua kwa kipanya eneo unalolitaka tu, kuanzia kichwa cha kwanza hadi salio la mwisho, nenda "Page Layout", "Print Area", "Set Print Area". Nje ya hapo hakuna kitakachochapishwa.

Sasa tahadhari. Eneo hilo hukumbukwa. Mwezi ujao ukiongeza mistari chini yake, haitachapishwa, na hakuna atakayekuonya. Faili inaonekana kamili kwenye skrini, karatasi inaishia mwezi uliopita. Kila ukiongeza shughuli mpya, bofya "Clear Print Area" kwanza, kisha uweke upya.

Jumla isiyolingana na mistari

Hili si tatizo la printa, ila huwa linaonekana baada ya kuchapisha tu, mtu akiwa na kikokotoo na muda wa kutosha.

Tuseme jana ulichuja jedwali ili uone michango ya Machi peke yake, ukasahau kuondoa kichujio. Mistari iliyochujwa haichapishwi. Lakini jumla uliyoiweka chini kwa SUM bado inahesabu kila kitu, pamoja na mistari isiyoonekana. Karatasi inaonyesha malipo ya shilingi 42,000 na jumla ya 310,000. Utaanzaje kueleza?

Angalia namba za mistari upande wa kushoto. Zikiruka, kwa mfano kutoka 17 hadi 44, au zikiwa na rangi ya buluu, kuna kichujio. Nenda "Data", bofya "Clear". Na kama kweli unataka kuchapisha Machi tu, badala ya =SUM(E2:E312) andika =SUBTOTAL(109,E2:E312). Hiyo inajumlisha mistari inayoonekana tu, na jumla italingana na kilicho kwenye karatasi.

Kabla ya kwenda saiba

Mipaka ya kurasa hutegemea printa iliyounganishwa na kompyuta, pamoja na aina za herufi zilizomo ndani yake. Ulichopanga nyumbani kikakaa kurasa tisa kinaweza kuwa kumi na moja kwa mashine nyingine. Ndiyo maana hatukushauri upeleke faili ya Excel. Nenda "Save As", chagua PDF, ifungue uipitie ukurasa kwa ukurasa, kisha upeleke hiyo. PDF haibadiliki njiani.

Kuna sababu nyingine, na kwetu hii ndiyo nzito zaidi. Faili hiyo ina majina na namba za simu za watu waliokulipa. Kumbuka ile safu uliyoificha kwa "Hide": kwenye faili ya Excel bado ipo, na yeyote atakayeipokea anaweza kuifichua kwa mibofyo miwili. Kwenye PDF haipo kabisa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inagusa hata biashara ndogo inayohifadhi taarifa za wateja, na namba ya simu ni taarifa ya mtu. Kama karatasi zinagawiwa kila mwanachama, ficha namba za simu kabla ya kutengeneza PDF, ubakishe jina na risiti.

Ukishachapisha, toka kwenye barua pepe yako, futa faili kwenye "Downloads" ya kompyuta ya saiba, kisha ufute pia kwenye "Recycle Bin". Karatasi zilizotoka vibaya usiziache pale kaunta. Ondoka nazo.

Wanaotumia Google Sheets wana njia fupi. Kwanza gandisha mstari wa vichwa: "View", "Freeze", "1 row". Bonyeza Ctrl na P, kwenye "Paper size" uchague A4, kwenye "Scale" uchague "Fit to width", na chini kwenye "Headers & footers" uhakikishe "Repeat frozen rows" ina alama. Mambo ya vichujio na faragha ni yale yale.

Na kama karatasi hizo ni za kupeleka benki kuombea mkopo, au ubalozini, usijisumbue na haya yote. Lahajedwali mtu yeyote anaweza kuibadilisha, na afisa wa mikopo anajua hivyo. Omba stetimenti rasmi ya PDF kutoka kwetu, tayari imepangwa kwa A4. Lahajedwali ni yako na wenzako, ya kupanga, kujumlisha na kuonyeshana.

Mweka hazina wetu, tulimtembeza hatua hizi kwa simu Jumatatu asubuhi, yeye akiwa mbele ya kompyuta ya saiba ile ile. Safu saba, zimelala, kurasa 13 kwa sababu karatasi ikilala inabeba mistari michache. Alitaka kujua kama achape nakala 14 moja kwa moja. Tukamwomba achape moja tu kwanza, aangalie ukurasa wa mwisho kama una salio, ndipo aendelee.

Ukikwama, tupigie ukiwa bado mbele ya kompyuta, na utuambie idadi ya kurasa unayoiona kwenye picha ya kuchapisha. Hatutakuuliza PIN yako, na wala kijana wa saiba hana haja nayo.